Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa dini Tanga: mtu akiwaambia amechoka kuishi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh masheikh zangu, maimamu, maustadhi na nyie wajumbe wa kamati za misikiti. Bwana Yesu asifiwe wachungaji na wazee wa kanisa, Tumsifu Yesu Kristo mapadri na makatekista. Na wakubwa wa mkoa mlioko kwenye afya, polisi na ustawi wa jamii, shikamooni, nitawafikia na nyie mbele huko.

Mie ni mwalimu wa madrasa hapa Ngamiani, asubuhi nafundisha watoto, baada ya alasiri kina mama. Kuzaliwa Tanga, kusoma Tanga, kuolewa Tanga. Jina siweki kwa ajili ya mama yangu, bado anakaa mtaa uleule na bado ananunua mkaa kwa watu walewale. Naandika kwa heshima zote, nyie ndo mmenilea, alif yangu ya kwanza nimefundishwa na mmoja wenu, kwa hiyo naomba msiisome hii kama maneno ya mtu aliyeikimbia dini. Sijaikimbia na sina mpango huo.

Miaka minne iliyopita mdogo wangu wa kiume alijiua. Nyumbani huwa tunasema "alipotutoka" na tunaishia hapo, hii ndo mara ya kwanza nalitumia hilo neno hadharani na nimelitumia makusudi, kwa sababu miaka yote hii hatujapata mtu wa dini wa kukaa naye tukalitamka akatusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na miaka 24.

Niwaeleze kwanza kijana mwenyewe alikuwaje maana mtaani wameshamgeuza mtu mwingine, mara alikuwa anavuta bangi, mara alikuwa haswali. Alikuwa anaadhini. Alihifadhi juzuu kumi na mbili za Qurani. Kila alhamisi usiku anapiga pasi kanzu yake ya ijumaa mwenyewe, pasi ya mkaa, hataki mtu aiguse, anakomaa na kile kimstari cha mkono wa kanzu mpaka kisimame kama kimechorwa kwa rula, ndo anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Miezi mitatu kabla hajafa kanzu ikaanza kutundikwa na makunyanzi yake. Niliona. Mama naye aliona. Tukasema labda kazi imemchosha, labda kuna binti kamuumiza moyo, atakaa sawa. Akawa halali, saa nane za usiku unamsikia anatembea uani na ndala, chakula anakigeuzageuza na vidole kisha anaosha mikono, na sauti ya adhana ikawa ndogo mpaka majirani wakauliza kama spika ya msikiti ni mbovu.

Huo ugonjwa kwa Kiswahili unaitwa sonona, vijana wanasema depresheni. Sikulijua hilo neno wakati ule na nina diploma ya ualimu.

Sasa hapa ndipo ninapowaandikia. Yeye mwenyewe alienda kusema. Watu wanadhani hawa vijana wananyamaza tu, sio kweli, wengi wanasema, tena wanawaendea nyie kabla hata ya kuja kwetu wa nyumbani. Alimsubiri mwalimu wake baada ya isha, msikiti ulipobaki mtupu, akamwambia ustadhi mimi nimechoka kuishi. Mwalimu wake alimpenda sana, nataka hilo lieleweke, simtaji na sina kinyongo naye, nakiri na mie ningejibu vilevile siku hiyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa wote. Akamwambia muogope Allah, hayo maneno yanaelekea kufru, imani yako imepungua, shetani anakuchezea, lete istighfari, yani kumuomba Allah msamaha, elfu moja kila siku kwa siku arobaini. Akamkumbusha ile aya ya Suratu Yusuf kwamba hawakati tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu isipokuwa makafiri.

Baada ya mazishi nilikuta kauntabuku chini ya godoro lake. Kila ukurasa vijistari vya penseli, vitano vitano vimekatwa kati kama wanavyohesabu magunia bandarini, mpaka elfu, na chini ya kila elfu kaandika tarehe na neno moja: bado. Kesho yake elfu nyingine. Bado. Kurasa 31, hakuruka hata siku moja, kuna ukurasa penseli imepasua karatasi kwa kukandamizwa lakini hesabu imekamilika. Huyo ndo aliyeambiwa imani yake ni ndogo.

Nimeisoma ile aya mara nyingi sana tangu siku hiyo. Ni aya ya 87. Na anayeyasema yale maneno ni nani? Ni Nabii Yaaqub alayhi salaam, mzee ambaye aya tatu nyuma, aya ya 84, tunaambiwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumlilia Yusuf. Wanawe wakamwambia hutaacha kumkumbuka mpaka uugue au uwe katika waliohiliki. Alikuwa Nabii na alihuzunika mpaka akapofuka, na Qurani haikumwita mwenye imani ndogo. Akajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Yani huzuni ile ilipewa mahali pa kusemwa. Sisi tunaichukua aya ya 87 peke yake tunampiga nayo kijana kichwani, ile 84 tunaipita mbio.

Ndugu zangu wa kanisani na nyie mnayo hii. Eliya, baada ya makubwa yote aliyoyafanya mlima Karmeli, alienda jangwani akakaa chini ya mretemu akaomba afe, akasema yatosha. Kitabu cha kwanza cha Wafalme mlango wa 19. Na Mungu akafanya nini? Hakumtumia mtu wa kumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mahubiri yalikuja baadaye sana. Hiyo ndo huduma ya kwanza ya mtu aliyechoka na imeandikwa kwenye kitabu chenu wenyewe.

Naandika hivi kwa sababu ya jirani yangu mmoja, ni mlokole, wa lile kundi lenye mafungo makali na mikesha. Binti yake alianza kuumwa hivihivi, akaanzishwa dawa hospitali, akapata nafuu, mchungaji akamuombea akamwambia umeshapona kwa jina la Yesu, kumeza vidonge ni kuonyesha mashaka. Akaacha dawa ghafla. Wiki tatu baadaye mama mtu alikuwa analala mlangoni kwa binti yake, mkeka ameutandika kizingitini kabisa, ili mtoto akitoka usiku lazima amkanyage. Binti yupo hai, alhamdulillah, alirudishwa hospitali. Lakini mpaka leo kanisani kwao anasema anameza vitamini.

Mimi najua mtakachonijibu, nimeshajibiwa na baadhi yenu uso kwa uso. Mnasema tukilegeza, watu watajiua zaidi, ule ukali wa dini ndo unaowazuia. Nataka nilijibu hili vizuri kwa sababu lina ukweli ndani yake na mie ni shahidi wa huo ukweli.

Miezi minane baada ya mdogo wangu kufariki mimi mwenyewe niliumwa. Nilikuwa nafundisha watoto suratu Dhuha, ile surah inayosema Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia, natamka herufi vizuri na ndani yangu hakuna kitu, kama mtungi umemwagwa. Kuna usiku nilikuwa na yale mawazo. Na ndiyo, kilichonizuia usiku ule ni dini, nilikumbuka aya ya "wala msiziue nafsi zenu, hakika Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwarehemu", nikakumbuka wanangu, nikakaa mpaka adhana ya alfajiri. Kwa hiyo siwaambii dini haizuii. Inazuia. Kuwa na jamaa, kuwa na swala tano, kuwa na watu wanaokuulizia usipoonekana msikitini au jumuiya, hiyo ni kinga kubwa na hata wataalamu wanaikubali.

Ila asubuhi yake ilipofika sikumwambia mtu. Mume wangu sikumwambia, mama ndo kabisa. Ile hofu iliyonifunga mikono usiku, mchana ilinifunga mdomo. Nilijua nikisema ntaambiwa nililoambiwa nikiwa nimesimama kando ya maiti ya mdogo wangu. Nikakaa nalo miezi mingine miwili naoza nalo. Sasa masheikh zangu nawauliza, mtu akibaki peke yake na kitu kama kile, hofu peke yake itamshika kwa usiku mingapi? Mdogo wangu ilimshika kwa kurasa 31.

Aliyenitoa mimi ni mama mmoja nesi mstaafu anayekuja darasani kwangu kurekebisha tajwidi yake. Alibaki wenzake walipoondoka, akanitazama, akaniuliza waziwazi, "Mwalimu, una mawazo ya kujiua?" Hivohivo, kama mtu anayeuliza umekula. Nilishtuka halafu nikalia kama mtoto, nilijisikia nimetuliwa gunia ambalo hakuna aliyejua nimelibeba. Wengi tunaogopa kuuliza tukidhani tutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wanasema sivyo, kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, kunampa pa kulitolea. Hakunikemea wala hakuniambia nimshukuru Mungu kuna wenye shida zaidi. Alilala kwangu usiku ule, akamwambia mume wangu aondoe vitu vya hatari karibu yangu, asubuhi tukapanda bajaji hospitali mkono wangu kaushika njia nzima.

Dawa hazifanyi kazi siku ile ile, hilo pia lazima mlijue maana watu wanakuja kuwalalamikia nyie. Zinachukua wiki mbili, wiki nne, wengine zaidi, na usizikate ghafla unapojisikia nafuu, unaacha kwa maelekezo ya daktari. Kuna na tiba ya kuzungumza na mtaalamu. Mimi wiki ya tano niligundua nimecheka, mwanangu mdogo alivaa viatu vya baba yake akaanguka navyo, nikacheka halafu nikashtuka kusikia sauti yangu. Na swala yangu ilirudi. Nasema ilirudi kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nasujudu kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Dawa hazikuniondolea dini, zilinirudishia.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka duniani na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni moja ya sababu kubwa za vifo. Wamo Waislamu humo na wamo Wakristo, wamo watoto wa masheikh na wa wachungaji. Na wala sio ugonjwa wa kizungu kama nilivyosikia kwenye mawaidha fulani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, yani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika kuhusu maradhi ya nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomvamia mtu bila sababu, na akasema nafsi inahitaji tiba kama mwili. Na hapahapa mkoani kwetu, kule milimani Korogwe, kuna Lutindi, hospitali ya kanisa la Kilutheri, mwanzoni yalikuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani na sasa ni zaidi ya miaka 100 inahudumia wagonjwa wa akili. Watu wa dini ndo walioanzisha. Tunayo historia hiyo nyumbani halafu tunawapeleka wagonjwa kufungwa kamba kwa waganga.

Sasa niseme la mazishi, ambalo ndo gumu zaidi kwangu.

Siku ile imamu wa msikiti ambao mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaadhini alikataa kumswalia. Sikatai kwamba ipo hadithi, nimeisoma, ya Jabir bin Samura kwenye Sahih Muslim, kwamba Mtume swallallahu alayhi wasallam aliletewa mtu aliyejiua hakumswalia. Lakini sisi huku ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na Imam Nawawi ambaye vitabu vyake mnatusomesha kila siku ameeleza kwenye ufafanuzi wake wa hadithi hiyohiyo kwamba wanachuoni walio wengi, Imam Shafi na Imam Malik na Imam Abu Hanifa wamo, wanasema huyo mtu anaswaliwa, na kwamba Mtume alijizuia yeye ili kuwaonya watu, masahaba wakaswali. Ni Muislamu, ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa na wenzake. Mnalijua hili kuliko mimi. Kwa nini basi sisi tulifika mahali tukasimama uani kwetu, wanaume saba tu, na aliyetangulia kuswalisha akawa mzee muuza kahawa wa pale kona kwa sababu yeye ndo alikubali? Aliweka deli lake la kahawa chini ya mwembe, akanawa, akaswalisha. Allah amlipe.

Na kwenye Sahih Muslim hiyohiyo, kitabu cha Imani, kuna hadithi ambayo sijawahi hata siku moja kuisikia mimbarini, ya mtu aliyehajiri pamoja na Tufayl bin Amr kwenda Madina. Akaumwa, akashindwa kuvumilia, akajidhuru mwenyewe akafa. Tufayl akamuota yuko katika hali nzuri ila amefunika mikono, akamwambia Mola wangu amenisamehe kwa kuhama kwangu kumfuata Mtume wake, lakini mikono nimeambiwa hatukutengenezei ulichokiharibu. Tufayl akamhadithia Mtume. Na Mtume akaomba: Ewe Mola, na mikono yake pia isamehe.

Mama yangu nilimsomea hadithi hii mwaka jana. Aliniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia mbona hawakuniambia siku ile.

Wakatoliki wenzetu kanuni zao za zamani za mwaka 1917 zilikuwa zinamnyima aliyejiua mazishi ya kanisa, za mwaka 1983 hazimtaji tena kwenye orodha ya wanaonyimwa, na Katekisimu yao inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu hao, na kwamba maradhi makubwa ya akili na hofu kali hupunguza lawama ya mtu. Kama wao waliweza kukaa wakalitazama upya bila kuhalalisha kujiua, sisi ambao wanachuoni wetu walishalisema karne nyingi nyuma tunashindwa nini? Na msidhani kwamba mnapokataa kumswalia maiti mnamuadhibu maiti. Kwenye umati ule kuna mtu amesimama nyuma, ana mawazo yaleyale kichwani, anatazama mnavyomfanyia mwenzake, anajifunza kwamba na yeye akisema atafanyiwa hivyo. Huyo ndo anayewasikia.

Wakubwa wa mkoa na wabunge wetu, nimefika kwenu. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu mpaka leo inahesabu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, sheria tumerithi kwa mkoloni Muingereza na Muingereza mwenyewe aliifuta kwao mwaka 1961. Pakistani, nchi ya Kiislamu, waliifuta mwaka 2022. Malesia mwaka 2023. Kenya hapo jirani Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume na katiba. Huku kwetu mtu akijidhuru akaokolewa familia inaanza kuwaza PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kuwaza daktari, nimeona watu wanamficha mgonjwa ndani wanamnywesha maziwa kwa kuogopa polisi, na kwenye dharura kama hiyo kila dakika ina maana. Lisemeeni hili Dodoma. Na muwapeleke wataalamu wa afya ya akili kwenye vituo vya afya vya pembeni, mtu wa Mkinga au Pangani aliye kwenye hali ile hana nguvu ya kusafiri mpaka hospitali ya Bombo hapa mjini na nauli yenyewe anaiomba.

Narudi kwenu viongozi wa dini. Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mtu akija akasema amechoka kuishi, mkalisheni, muacheni amalize, msimjibu hukumu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, na akisema ndiyo msimuache peke yake, tafuteni mtu wa nyumbani anayemuamini, na mmoja wenu amsindikize hospitali, kumsindikiza sio kumuelekeza. Dua endeleeni nazo, msomeeni, fungeni na saumu kwa ajili yake, sijasema muache, ila msimwambie achague kati ya dua na dawa. Wengi wenu mna presha na kisukari nawajua, mnahudhuria kliniki na mnaomba afya kwenye dua ileile, hakuna aliyewaambia tawakkul yenu, yani kumtegemea Mungu kwenu, ina kasoro.

Na alichowaambia kibaki kwenu. Hili nalisema kwa uchungu. Kinachosemwa kwa ustadhi baada ya isha kesho yake alasiri kiko barazani kwenye bao. Mdogo wangu siku mbili baada ya kumwambia mwalimu wake alipita kwenye kahawa mtu akamuuliza vipi bwana nasikia umechoka dunia, watu wakacheka. Sijui ilivujaje. Ile ni amana.

Kina mama na mabinti hawana pa kusemea kabisa. Imamu ni mwanaume, kumuona mpaka mume ajue, na mara nyingine hilo la kusema linamhusu huyohuyo mume. Mwanamke aliyejifungua yuko ndani kwenye arobaini yake analia bila sababu, mtoto hataki hata kumtazama, tunasema ana shetani au hajashukuru neema, kumbe na hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua na inatibika. Wekeni wanawake wawili watatu kila msikiti na kila kanisa, wafundishwe na wataalamu namna ya kusikiliza na wakati gani wa kumpeleka mtu hospitali. Kule Zimbabwe daktari mmoja, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu, utafiti uliotoka mwaka 2016 ukaonyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida tu. Mabibi, sio maprofesa. Sisi Tanga kila nyumba ina baraza na kila baraza ina bibi. Na watoto wenu wa madrasa na sunday school waambieni kuna namba 116 ya simu kwa mtoto, hailipiwi.

Ramadhani pia, naomba mliseme kabla haijaingia. Kila mwaka watu wanaacha dawa za sonona wakidhani ni lazima, wengine wanaona aibu kuonekana wanakula. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye Qurani, Baqara 184 na 185, na dawa nyingi daktari anaweza kukupangia ukameza futari au daku. Maneno mawili tu kwenye hotuba ya ijumaa ya mwisho ya Shaaban, kwamba anayemeza dawa za akili asiziache kabla ya kumuona daktari wake. Yakitoka mdomoni kwenu yana uzito ambao mie siwezi kuupata hata nikiandika barua mia.

Shaaban yenyewe ina jingine kwangu. Msikitini kwetu kila Shaaban wanafanya hitma ya marehemu wa mtaa, kila nyumba inaandika majina ya watu wake kwenye karatasi inapeleka, wanasomwa mmoja mmoja watu wanaitikia. Mama huwa anakata karatasi ya daftari la mjukuu wake, anaandika kwa mkono wake, baba yetu, bibi, shangazi wawili, na wa mwisho mwanawe. Anakaa upande wa wanawake anasikiliza. Wanasoma baba, wanasoma bibi, wanasoma mashangazi, halafu wanaingia nyumba ya pili. Miaka yote minne. Hajawahi kulalamika, akirudi anavua baibui anachemsha chai.

Mwaka huu ataandika tena, namjua. Msomaji ukiishika ile karatasi, jina la tano ni la muadhini wenu.